Ibn Khaldun: Kadhi Aliyeipima Historia kwa Mizani

Utangulizi

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walinena wahenga. Hata hivyo, si kila aonaye mengi huyaelewa, wala si kila ayaelewaye huketi akayaandika kwa manufaa ya vizazi vijavyo. Miongoni mwa wachache waliojaliwa kuyatenda yote matatu ni mwanahistoria na kadhi wa karne ya 14, Abd al-Rahman ibn Muhammad, ajulikanaye ulimwenguni kwa jina la ukoo wake, Ibn Khaldun. Mtu huyu aliiona tauni ikiwafagia wazazi na walimu wake. Aliwatumikia masultani waliopokezana viti vya enzi kwa upanga. Alitiwa gerezani, alifiwa na jamaa zake baharini, na uzeeni akaketi uso kwa uso na mshindi aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake. Kutokana na misukosuko hiyo alilishughulikia kwa kina swali ambalo waandishi wengi wa tarehe walilipita kando: kwa nini dola huinuka, na kwa nini huanguka?

Makala haya yanayafuata maisha yake kutoka Tunis hadi Kairo, na kumulika jinsi alivyoigeuza historia kutoka katika hali ya kupokea habari hadi kuwa taaluma ya kuzipima. Kwa kuwa yeye mwenyewe alidai kila habari ipimwe, ni haki pia maisha na maandishi yake yapimwe kwa mizani iyo hiyo.

Nasaba na Malezi

Ibn Khaldun alizaliwa mjini Tunis tarehe 27 Mei 1332, sawa na mosi Ramadhani mwaka wa 732 Hijria. Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut, kusini mwa Bara Arabu, nchi ambayo ukoo nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, nazo hujinasibisha nayo. Tofauti ni kwamba, wakati Wahadhrami wengine walifuata pepo za kaskazi wakaja upande wa kusini, wahenga wa Ibn Khaldun walielekea magharibi hadi Andalusia. Huko Seville walipata mali na vyeo kwa karne kadhaa. Mji huo ulipokaribia kuangukia mikononi mwa wafalme Wakristo wa Kastila mnamo 1248, jamaa hiyo ilivuka bahari ikarudi Afrika Kaskazini na hatimaye ikatua Tunis.

Kijana huyu alilelewa katika nyumba ya elimu. Aliihifadhi Kurani, akasoma hadithi, sarufi na ushairi wa Kiarabu, pamoja na sheria kwa mujibu wa madhehebu ya Maliki. Mnamo 1347 Sultani Abu al-Hasan wa Moroko aliiteka Tunis na kuja na msafara wa wanazuoni. Miongoni mwao alikuwa al-Abili, bingwa wa mantiki, hisabati na falsafa. Kwa mwanafunzi mwenye kiu, huu ulikuwa mvua ya masika. Al-Abili alimfundisha kuuliza sababu ya jambo kabla ya kulikubali, na mazoea hayo hayakumtoka tena.

Lakini furaha haikudumu. Kati ya 1348 na 1349 tauni iliyokuwa imeenea kutoka Asia hadi Ulaya iliingia Tunis. Ibn Khaldun, akiwa na umri wa miaka takriban 17, alifiwa na baba na mama, na walimu wake wengi wakazikwa. Miaka mingi baadaye, alipokuwa akieleza kwa nini ameandika kitabu chake, alirejelea msiba huo. Alihisi kwamba ulimwengu ulikuwa umebadilika kana kwamba umeumbwa upya, na kwa hiyo ulihitaji mtu wa kuuandika upya. Msomaji anayetafuta chemchemi ya fikra zake hana budi kuanzia hapo, kwa yatima aliyebaki katika mji uliopukutika.

Kati ya Kalamu na Kasri

Ajira yake ya kwanza ilikuwa ya ukarani katika kasri la Tunis: kuandika kwa mwandiko wa kupendeza maneno ya kumhimidi Mungu katika nyaraka rasmi za mtawala. Kazi hiyo ilikuwa ndogo kwa mtu mwenye ndoto kubwa. Mnamo 1352 aliondoka, na kufikia 1354 alikuwa Fez, katika baraza la Sultani Abu Inan.

Fez ndiko alikojifunza somo moja kuhusu ushahidi. Wakati huo msafiri Ibn Battuta alikuwa amerejea kutoka katika safari zake za miaka mingi. Huyu ndiye aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo 1331, mwaka mmoja kabla ya Ibn Khaldun kuzaliwa. Masimulizi yake kuhusu utajiri wa sultani wa Bara Hindi yaliwafanya watu wa kasri wanong'one kwamba ni mwongo. Ibn Khaldun naye alishiriki shaka hiyo, akamweleza waziri mmoja aitwaye Faris ibn Wadrar. Waziri alimwonya kwa kisa cha mtoto aliyekulia gerezani pamoja na baba yake. Kila baba alipomweleza kuhusu kondoo, ng'ombe au ngamia, mtoto aliwaza kwamba ni aina ya panya, kwa kuwa panya ndiye mnyama pekee aliyewahi kumwona. Ibn Khaldun alikihifadhi kisa hiki katika kitabu chake, na kukitolea kanuni: jambo lisikataliwe kwa sababu tu ni geni kwetu, wala lisikubaliwe kwa sababu tu limesimuliwa. Lipimwe kwa kuangalia kama linawezekana katika maumbile ya mambo.

Siasa za Fez zilimtia matatani upesi. Mnamo 1357 alishukiwa kula njama na amiri wa Bijaya aliyeng'olewa madarakani, akafungwa kwa muda wa karibu miezi 21. Alitoka tu baada ya Abu Inan kufa mwishoni mwa 1358. Sultani Abu Salim alipotwaa kiti mwaka uliofuata, Ibn Khaldun alikuwa miongoni mwa waliomsaidia, akatunukiwa cheo cha katibu na baadaye jukumu la kusikiliza malalamiko ya raia. Naye Abu Salim alipouawa mnamo 1361, mambo yalikwenda mrama tena.

Mwishoni mwa 1362 alivuka bahari hadi Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu nchini Uhispania. Sultani Muhammad wa Tano na waziri wake, mshairi Ibn al-Khatib, walimpokea kwa heshima. Mnamo 1364 alitumwa Seville kwa Mfalme Pedro wa Kastila ili kuthibitisha mkataba wa amani. Huko aliona kwa macho yake mji wa mababu zake. Mfalme alimwahidi kumrejeshea mali ya ukoo wake iwapo angebaki kumtumikia, lakini alikataa kwa adabu. Mwaka uliofuata aliitwa Bijaya na yule amiri aliyefungwa kwa ajili yake, ambaye sasa alikuwa amerudishiwa utawala wake, akafanywa waziri mkuu. Haukupita muda mrefu kabla ya amiri huyo kuuawa vitani na binamu yake mnamo 1366. Ibn Khaldun aliukabidhi mji kwa mshindi, kisha alipohisi hatari akaondoka.

Miaka iliyofuata aliishi zaidi miongoni mwa makabila ya Waarabu na Waberberi wa nyikani, akiwashawishi wapiganie sultani huyu au yule. Wapo wanaomlaumu kwa kubadilisha mabwana kama kinyonga abadilishavyo rangi, na lawama hiyo haikosi msingi. Hata hivyo, miaka hiyo ndiyo iliyompa ujuzi ambao hakuna mwanazuoni wa mjini aliyekuwa nao. Aliwafahamu watu wa mahema, alijua nini huwaunganisha wakati wa njaa na vita, na aliona kwa nini wao ndio hushuka kutoka jangwani na kuwapindua watawala walioneemeka.

Miezi Mitano Ngomeni

Mnamo 1374 Ibn al-Khatib, rafiki yake wa Granada, aliuawa gerezani mjini Fez. Ibn Khaldun alikuwa amejaribu kumwombea asidhuriwe, asifanikiwe. Mwaka uliofuata, akiwa amechoshwa na kasri, alijitenga pamoja na jamaa yake katika ngome ya Ibn Salama, karibu na Frenda katika Aljeria ya leo, chini ya ulinzi wa kabila la Awlad Arif. Alikaa huko takriban miaka minne. Hapakuwa na maktaba kubwa wala sultani wa kumsifu. Kulikuwa na kimya, na kumbukumbu ya yote aliyoyaona.

Hapo ndipo alipoanza kuandika Kitab al-Ibar, historia yake kubwa ya Waarabu, Waberberi na mataifa mengine, ambayo huchapishwa katika majuzuu saba. Sehemu yake ya kwanza, ijulikanayo kama Mukaddima, yaani utangulizi, aliikamilisha kwa mara ya kwanza katika muda wa miezi mitano tu mnamo 1377. Aliendelea kuisahihisha na kuipanua kwa zaidi ya miaka 20, lakini mhimili wake ulisimikwa ngomeni humo.

Yaliyomo katika Mukaddima

Mukaddima ina sura sita. Inaanza na umbo la dunia na athari za hali ya hewa, inapitia maisha ya nyikani, dola na ukhalifa, miji, njia za kutafuta riziki, na kuishia na elimu za aina zote. Kinachoyaunganisha hayo yote ni wazo kwamba maisha ya binadamu katika jamii, ambayo aliyaita umrani, yana kanuni zake, na kwamba anayeandika historia bila kuzijua kanuni hizo atadanganywa.

Mfano alioutoa ni wa idadi ya wapiganaji wa Nabii Musa, ambao waandishi waliomtangulia, akiwamo al-Masudi, waliwahesabu kuwa 600,000 au zaidi. Ibn Khaldun alionyesha kwamba jeshi la ukubwa huo lisingeweza kupangwa katika uwanja mmoja wa vita, wala vizazi vichache baina ya Yakobo na Musa havikutosha kuzaa watu wengi kiasi hicho. Hakumtukana mwandishi yeyote. Alichofanya ni kupiga hesabu.

Dhana yake maarufu zaidi ni asabia, yaani mshikamano unaowafanya watu wa kundi moja kuteteana hata kufa. Kwa maoni yake, kundi lenye asabia thabiti hutoka katika maisha magumu, huwashinda waliolegea, na kusimika dola. Kizazi cha kwanza bado kinakumbuka ugumu. Kizazi cha pili kinaishi mjini na kumwachia mtawala mmoja utukufu wote. Kizazi cha tatu kinasahau kilikotoka, kinazama katika anasa na kuajiri wageni wakilinde. Akikadiria kila kizazi kuwa miaka 40, alihitimisha kwamba dola nyingi huishi miaka 120 hivi. Waliosoma methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji hawatashangazwa na hitimisho hilo.

Fauka ya hayo, aliuchambua uchumi wa dola kwa umakinifu. Alieleza kwamba dola changa hutoza kodi ndogo na kupata mapato makubwa, kwa sababu raia wana ari ya kufanya kazi, ilhali dola kongwe hutoza kodi kubwa na kuambulia kidogo. Alionya pia kwamba mtawala anapojiingiza katika biashara huwaua wafanyabiashara wake, na kwamba dhuluma huivunja jamii nzima, si yule aliyedhulumiwa peke yake.

Sheria ilipewa nafasi yake. Akiwa mfuasi wa Maliki, hakutosheka kusema kwamba madhehebu yake ni bora. Aliuliza kwa nini ndiyo yaliyoenea Afrika Kaskazini na Andalusia. Jibu lake lilikuwa la kijamii: wanafunzi wa nchi hizo walisafiri zaidi kwenda Hijazi kuhiji, Madina ndiyo iliyokuwa makao ya elimu na ya Imamu Malik, na Iraki haikuwa njiani mwao. Kwa kusema hivyo alionyesha kuwa hata mapokezi ya sheria yana historia yake.

Muziki nao haukusahauliwa. Katika sura ya kazi na ufundi aliizungumzia sanaa ya uimbaji, akaeleza jinsi sauti zinavyolingana hadi zikaliwaza sikio, na kuzitaja ala za kupuliza na za nyuzi, ikiwemo kanuni, ala isiyo ngeni kwa wapenzi wa taarabu ya Unguja. Alimkumbuka Ziryab, mwimbaji aliyetoka Iraki na kuipeleka sanaa yake Andalusia. Kisha akatoa hoja ya kufikirisha: uimbaji ndio ufundi wa mwisho kustawi katika ustaarabu, kwa kuwa huhitaji watu waliokwisha kutosheka na mahitaji mengine, na ndio wa kwanza kutoweka ustaarabu unapoanza kuporomoka. Kwa kauli hiyo, ukimya wa wanamuziki ni dalili ambayo mwanahistoria hapaswi kuipuuza.

Lugha na Fasihi

Kwa mwanafunzi wa lugha, kurasa za mwisho za Mukaddima ni hazina. Ibn Khaldun alishikilia kwamba lugha ni umilisi unaopatikana kwa mazoea, kwa kusikia, kurudia na kuhifadhi mifano mizuri. Kujua kanuni za sarufi ni jambo tofauti. Alimlinganisha mjuzi wa sarufi asiye na umilisi na mtu awezaye kueleza hatua zote za ushonaji ilhali hajawahi kushika sindano.

Kutoka hapo alipiga hatua ambayo wanazuoni wengi wa zama zake hawakuithubutu. Wataalamu wa mijini waliyadharau mashairi ya Waarabu wa nyikani kwa kuwa yalitungwa katika lahaja zisizofuata viambishi tamati vya Kiarabu sanifu. Ibn Khaldun aliyatetea. Alisema kwamba ufasaha hautegemei irabu za mwisho wa maneno, bali ulinganifu baina ya usemi, makusudio ya msemaji na hali ya usemi huo. Hakukomea hapo, kwani aliyanukuu kwa wingi mashairi ya kabila la Hilali pamoja na tungo za Andalusia za lahaja ya mitaani. Kwa hatua hiyo, sehemu za utendi wa Banu Hilali, ambao ulisimuliwa kwa mdomo kwa karne nyingi, zilipata hifadhi ya maandishi. Mjadala kuhusu lahaja na usanifu, ambao wanafunzi wa Kiswahili wanaujua kupitia Kimvita, Kiamu na Kiunguja, una mtetezi wake wa kale katika kadhi huyu wa Tunis.

Kadhi wa Kairo

Mwishoni mwa 1378 alirudi Tunis ili atumie maktaba zake. Alimkabidhi sultani nakala ya kitabu, akafundisha, na wanafunzi wakamiminika. Umaarufu huo ulimchoma mufti Ibn Arafa, aliyemtilia fitina kwa mtawala. Ibn Khaldun aliomba ruhusa ya kwenda kuhiji, na mnamo Oktoba 1382 akapanda meli kuelekea Aleksandria. Hakuiona tena nchi ya kuzaliwa kwake.

Kairo ilimstaajabisha kwa ukubwa wa masoko, wingi wa madrasa na msongamano wa watu wake. Alifundisha katika msikiti wa al-Azhar, na Sultani Barquq akamthamini. Mnamo Agosti 1384 aliteuliwa kuwa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki nchini Misri. Aliingia kazini kwa ukali. Aliwaadhibu mashahidi wa mahakama waliokuwa wakighushi hati na kuwasaidia wenye nguvu kunyakua mali za wakfu, akawazuia mamufti wasiokuwa na elimu, na kukataa kuwapendelea wakubwa. Maadui walizaliwa kila upande. Walimcheka hata kwa mavazi, maana alishikilia kanzu na joho la Kimaghribi na kukataa kuvaa kama makadhi wa Misri.

Katika mwaka uo huo lilimfika pigo zito zaidi. Sultani wa Tunis alikuwa ameizuia jamaa yake isimfuate, kwa matumaini kwamba mwenyewe atarudi. Barquq aliandika barua kuwaombea, wakaruhusiwa. Meli iliyowabeba ilikumbwa na dhoruba ikazama karibu na Aleksandria. Mkewe na mabinti zake walikufa maji, na mali pamoja na vitabu vikapotea. Katika tawasifu yake, yenye maelezo marefu kuhusu masultani, barua na walimu, msiba huu umeelezwa kwa maneno machache mno. Ufupi huo waweza kuwa uzito wa huzuni, na waweza kuwa desturi ya waandishi wa zama hizo ya kutowataja wanawake wa nyumbani. Kwa vyovyote vile, msomaji haambiwi hata majina yao.

Mnamo 1385 aliondolewa katika ukadhi. Alihiji Makka mnamo 1387, na kwa miaka mingine akafundisha na kuandika. Barquq alipopinduliwa mnamo 1389, Ibn Khaldun alitia saini fatwa ya kumpinga pamoja na wanazuoni wengine, na sultani huyo aliporejea madarakani kadhi huyo wa zamani alipoteza cheo kimojawapo. Alirudishwa katika ukadhi mnamo 1399. Kwa jumla aliteuliwa mara sita katika wadhifa huo, akiondolewa na kurudishwa kama ndoo ya kisimani. Mtu aliyeandika kwamba wanazuoni ndio watu wasioziweza kabisa njia za siasa alikuwa akiijua vyema kauli hiyo.

Mbele ya Timur

Mwaka 1400 jeshi la Timur, mshindi kutoka Asia ya Kati, liliingia Shamu. Sultani kijana Faraj, mwana wa Barquq, alitoka Misri kwenda kuilinda Dameski, na Ibn Khaldun alikuwa msafarani japo wakati huo hakuwa kadhi. Mapema Januari 1401 sultani alipata tetesi za njama dhidi yake, akarejea Kairo kwa haraka na kuuacha mji. Wakuu wa Dameski wakaanza kuzungumzia kusalimu amri.

Ibn Khaldun, akiwa na umri wa miaka 68, alihofia kuuawa na wale waliopinga mazungumzo hayo. Aliomba ateremshwe kwa kamba kutoka juu ya ukuta wa mji, akapelekwa katika hema la Timur. Alimpelekea zawadi za msahafu, mkeka wa kuswalia, nakala ya utenzi wa Burda na makasha ya peremende za Misri. Katika muda wa takriban siku 35 walizungumza mara kadhaa kupitia kwa mkalimani. Mwanahistoria alimweleza mshindi nadharia yake kwamba ufalme husimama kwa asabia, na mshindi akamdadisi kuhusu nchi za Maghribi: miji yake, milima yake, bandari zake. Kisha akamtaka aziandike. Ibn Khaldun aliandika.

Hapo pana swali ambalo wasomi wameligombania. Je, msomi aliyemchorea mvamizi nchi yake aliyokulia alikuwa msaliti, au mzee aliyekuwa akiiokoa roho yake? Ni kweli kwamba aliporudi Misri alimwandikia sultani wa Maghribi barua akimweleza nguvu na tabia za Timur, jambo linaloonyesha kwamba alitaka pande zote mbili zijulikane. Ni kweli pia kwamba aliwaombea watumishi wa dola ya Misri waliokwama Dameski, wakapewa usalama. Lakini wakazi wa kawaida hawakuupata usalama huo. Mji uliporwa, watu wakateswa, na msikiti mkuu wa Banu Umaya ukateketea kwa moto. Ibn Khaldun alikishutumu kitendo hicho katika maandishi yake. Elimu yake ya kuanguka kwa dola haikumwezesha kuuzuia hata mji mmoja usianguke.

Mizani Juu ya Mpimaji

Mwafrika anayemsoma Ibn Khaldun leo hukumbana na kurasa zenye uchungu. Akiifuata nadharia ya kale ya hali ya hewa, aliandika kwa dharau kuhusu watu weusi wa ukanda wa joto kali, akiwahusisha na wepesi wa akili na maisha ya kinyama. Watu hao hakuwa amewatembelea katika nchi zao. Hapo aliyapokea yale ambayo wengine walikuwa wameyasema, kinyume cha kanuni aliyoiweka mwenyewe.

Ajabu ni kwamba katika kitabu kicho hicho aliikataa hadithi iliyodai kuwa weusi ni laana ya Nuhu kwa kizazi cha Hamu. Alisema rangi hutokana na jua na hewa, si laana. Isitoshe, alipoacha nadharia na kuwauliza wenyeji, maandishi yake yalibadilika. Mjini Kairo alikutana na Sheikh Uthman, mwanasheria wa watu wa Ghana aliyekuja kuhiji mnamo 1394, akamhoji kuhusu dola ya Mali. Kutokana na mahojiano ya namna hiyo aliandika orodha ya wafalme wa Mali, akiwamo Mari Djata, ambaye wasomaji wa fasihi simulizi wanamjua kama Sundiata, na Mansa Musa, aliyehiji mnamo 1324. Orodha hiyo ingali nguzo kuu ya historia ya Mali ya kale. Tofauti baina ya kurasa hizo mbili ni tofauti baina ya kunakili na kuuliza.

Hitimisho

Ibn Khaldun alifariki mjini Kairo tarehe 17 Machi 1406, akiwa na umri wa miaka 73, majuma machache baada ya kuteuliwa kuwa kadhi kwa mara ya sita. Alizikwa katika makaburi ya masufi nje ya lango la Bab al-Nasr. Mwanafunzi wake al-Maqrizi aliisifu Mukaddima, ilhali Ibn Hajar al-Asqalani hakumwonea haya katika kumkosoa. Katika karne ya 17 wanahistoria wa Kituruki, kama vile Katip Çelebi na Naima, walimsoma wakiitafutia tiba dola yao ya Uthmaniya. Mnamo 1857 na 1858 Mukaddima ilichapishwa Misri na Paris. Tafsiri ya Kifaransa ya de Slane ilifuata katika miaka ya 1860, na ile ya Kiingereza ya Franz Rosenthal ikatoka mnamo 1958.

Maisha yake hayampi mwanafunzi shujaa asiye na doa. Yanampa mtu aliyekosea katika siasa, aliyeyumba mbele ya wenye nguvu, na aliyeteleza pale alipoiacha mizani yake. Lakini mizani yenyewe aliiacha wazi ili hata yeye apimwe nayo. Katika zama ambazo habari husambaa kwa kasi kuliko wakati wowote, na kila kundi likiwa na historia yake tukufu ya kujisimulia, urithi huo ungali na kazi. Atakayeushika atapaswa kuuliza, kabla ya kusadiki: aliyesimulia alijuaje, na jambo hilo lingewezekanaje?